Nyoka wa kwanza: mchague kwa chakula chake

Wengi wanaotaka kufuga nyoka kwa mara ya kwanza huchagua kwa macho. Wanaona magamba ya rangi ya chungwa yenye mabaka mekundu, au mwili mnene uliojikunja kama mpira, na moyo unatekwa papo hapo. Hata mimi nilianza hivyo. Siku hizi mtu akiniuliza achukue nyoka gani, namrudishia swali: je, uko tayari kuweka panya waliogandishwa nyumbani kwako kwa miaka ishirini?

Namuuliza hivyo kwa sababu rangi utaizoea ndani ya mwezi mmoja, lakini siku ya kulisha haitaacha kuja. Ni wewe utakayeyeyusha panya, utakayempasha joto, utakayemning'iniza kwenye koleo mbele ya mdomo wa nyoka. Itafika pia siku ambayo nyoka atageuza kichwa na kukataa, na wiki inayofuata atakataa tena. Hapo ndipo utakapojua kama ulichagua mnyama anayelingana na subira yako.

Nitawalinganisha wanne ambao mara nyingi hupendekezwa kwa wanaoanza: nyoka wa mahindi, chatu wa kifalme, nyoka mfalme na boa wa mchanga. Wote hawana sumu ya kumdhuru binadamu, wote huua windo kwa kulibana, na hakuna hata mmoja atakayefikia ukubwa wa kuwa hatari kwako.

Vigezo nitakavyotumia

Cha kwanza na kizito kuliko vyote ni chakula: anakula panya wa ukubwa gani, kila baada ya siku ngapi, na ana mazoea ya kugoma? Cha pili ni makazi, yaani nafasi, joto na unyevu anaohitaji. Cha tatu ni mwili na umri. Cha nne ni jinsi anavyokuwa mkononi. Kisha nitasema anamfaa nani. Bei sitaigusa, maana hubadilika kutoka mahali hadi mahali, na mara nyingi vifaa vya kizimba hugharimu kuliko nyoka mwenyewe.

Kuna mambo ambayo hayabadiliki, uchague yeyote. Nyoka hutegemea joto la mazingira ili chakula kisagike tumboni, kwa hiyo kizimba kinahitaji upande wa joto na upande wa ubaridi ili ahamie anakotaka. Kila chombo cha kutoa joto kiunganishwe na thamostati, yaani kifaa kinachodhibiti joto lisizidi kiwango ulichoweka. Nyoka anaweza kulala juu ya kitu kinachomuunguza bila kuondoka, na majeraha ya namna hiyo ni ya kusikitisha kwa sababu yangeweza kuepukwa kabisa. Awe na maficho mawili, moja kila upande, bakuli la maji safi, na kifuniko kinachofungwa kwa kabari au kufuli. Kila nyoka akae peke yake. Na wewe unawe mikono kwa sabuni kila unapomaliza kumshika yeye, panya au vyombo vyake, kwa kuwa reptilia hubeba bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima wa afya. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5, mjamzito, mzee au mtu mwenye kinga dhaifu ilizingatie hilo kwa uzito zaidi.

Nyoka wa mahindi

Jina lake la kisayansi ni Pantherophis guttatus, na asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani. Baadhi ya watu husema aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa akionekana kwenye maghala ya mahindi akiwinda panya. Wengine husema ni kwa sababu ya madoa ya tumboni mwake, ambayo yamepangana kama punje za mahindi ya rangi mbalimbali.

Chakula. Hapa ndipo sifa yake ilipo. Nyoka wa mahindi anapenda kula. Akiwa mchanga hula kitoto cha panya kisichoota manyoya, kimoja kila baada ya siku 5 hadi 7. Anavyokua unampandisha taratibu mpaka afikie panya mdogo aliyekomaa (yaani yule panya mdogo wa nyumbani, spishi tofauti na panya mkubwa), mmoja kila baada ya siku 10 hadi 14. Hahitaji kabisa yule panya mkubwa wa mitaroni. Kugoma kwake mara nyingi kuna sababu unayoweza kuiona kwa macho: anakaribia kujivua gamba, amehamishwa juzi, au kizimba kimepoa. Madume huweza kupoteza hamu kidogo msimu wa kujamiiana, kisha hurudi.

Makazi. Upande wa joto uwe kati ya nyuzijoto 29 na 31 za Selsiasi, na upande wa baridi 22 hadi 25. Unyevu wa kawaida wa chumba humtosha sehemu nyingi, ila anapojivua gamba muwekee kisanduku chenye matandiko manyevu. Kizimba kiwe na urefu usiopungua urefu wa mwili wake, na matawi ya kupanda, kwa maana hupenda kupanda. Hapo ujue jambo moja: ni bingwa wa kutoroka. Pengo ambalo kichwa chake kinapita, mwili wote utapita.

Mwili na umri. Hutoka yaini akiwa mwembamba kama penseli na kukua hadi sentimita 90 mpaka 150. Akitunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20, na wapo wanaopita hapo.

Mkononi. Akiwa mdogo ni mwoga na mwepesi wa kukimbia. Anaweza kutikisa mkia, kukupaka kinyesi, hata kudona. Akizoea hutulia, lakini hatulii kama kamba. Hupita kidole hadi kidole bila kusimama, na usipokuwa makini utamkuta ndani ya mkono wa shati.

Anayemfaa. Mtu anayetaka kuona nyoka akitembea, akipanda na akila bila vita. Kama unajijua kuwa utakosa usingizi mnyama asipokula wiki moja, huyu atakupunguzia mashaka.

Chatu wa kifalme

Python regius ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi na Kati, na wengi wanaouzwa duniani hutoka au wametokana na ukoo uliotoka Ghana, Togo na Benin. Akitishwa hujikunja tufe na kuficha kichwa katikati. Ni mpole, ana uso mzuri, na rangi zake zilizozalishwa na wafugaji hazihesabiki. Ni rahisi sana kumpenda. Ndiyo maana nitakaa kwake zaidi, kwa sababu ndiye anayewavunja moyo wafugaji wapya wengi kuliko wengine watatu.

Chakula. Mtoto wake anaweza kuanza na panya mdogo aliyeota manyoya au kitoto cha panya mkubwa, kila baada ya wiki moja hivi. Mtu mzima hutosheka na panya wa ile spishi kubwa mwenye umbo dogo kila baada ya wiki mbili hadi nne. Kwenye karatasi hilo ni jepesi. Tatizo ni kwamba chatu huyu hugoma, na anapogoma hugoma kweli. Mtu mzima mwenye afya anaweza kukaa miezi bila kula, hasa majira yanapobadilika au wakati wa kujamiiana, na mwili wake usipungue sana. Porini huishi ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa na hutumia nguvu kidogo mno. Mwili wake umeumbwa kwa kungoja.

Tena ana uchaguzi wake wa chakula, kama mtu. Akizoea panya wadogo anaweza kumkataa panya mkubwa, akizoea waliokufa wakiwa na joto atamkataa aliyepoa. Kwenye midomo yake ana vishimo vinavyohisi joto, na windo lisilo na joto kwake ni kama halipo. Chatu wangu wa kwanza aligoma miezi minne. Nilibadilisha panya, nikabadilisha saa ya kumlisha, nikabadilisha kizimba kizima, na kila badiliko lilizidi kumtia hofu. Alipoanza kula tena nilikuwa nimemwacha wiki tatu bila kumgusa, gizani, penye maficho mawili yanayombana vizuri. Ningeanza na hilo, tungeokoa miezi mitatu.

Kwa hiyo ukimchagua, nunua mizani ya jikoni pamoja naye. Mpime mara moja kwa wiki na kuandika. Uzito unaoshuka polepole sana kwa mtu mzima unaweza kungojewa. Akipoteza karibu asilimia 10 ya uzito wake, au akiwa mchanga na hajala wiki kadhaa, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia.

Makazi. Anahitaji upande wa joto wa nyuzijoto 31 hadi 33, na wa baridi 24 hadi 27. Unyevu ndio mtihani: usishuke chini ya asilimia 60. Hewa ikikauka, gamba hutoka vipande vipande na kubaki kwenye macho na ncha ya mkia. Hewa ya ubaridi na uchafu nayo huleta maradhi ya mapafu, ambayo utayajua kwa mlio wa kukoroma au mapovu mdomoni. Kizimba kikubwa kitupu humtisha. Kijaze maficho, majani na magome.

Mwili na umri. Sentimita 90 hadi 150, jike akiwa mkubwa kuliko dume, mwili mnene. Huishi miaka 20 hadi 30 kwa urahisi. Mwaka 2020 jike mmoja katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, anayekadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 60, alitaga mayai. Ukimchukua ukiwa kijana, kuna uwezekano atawaona watoto wako wakihama nyumbani.

Mkononi. Hapa hana mpinzani. Huenda polepole, hujizungusha kwenye mkono na kutulia, na huuma kwa nadra sana.

Neno moja kuhusu rangi. Aina ya rangi iliyoenea kwa jina la buibui, yenye michirizi myembamba kama utando, huja pamoja na kasoro ya mfumo wa neva: kichwa hutetemeka, na wengine hushindwa kulilenga windo. Kasoro na rangi haviachani, kwa sababu vinatokana na jeni moja. Mimi naomba mtu anayeanza asichukue nyoka wa namna hiyo. Mnyama hana faida yoyote na rangi ile.

Anayemfaa. Mtu mtulivu, anayependa nyoka wa kushika, anayeweza kupima unyevu kila siku na kungoja bila kuhangaika.

Nyoka mfalme

Majina yanafanana, wanyama hawafanani. Nyoka mfalme ni wa Amerika, wa jenasi ya Lampropeltis, na anayefugwa zaidi ni wa California, mwenye pete nyeusi na nyeupe au kahawia na njano hafifu. Aliitwa mfalme kwa kuwa hula nyoka wenzake, hata wale wenye sumu wanaotikisa njuga mkiani, ambao sumu yao haimdhuru kwa urahisi.

Chakula. Hula kila kitu. Panya kwa mpangilio uleule wa nyoka wa mahindi, kuanzia kitoto kisicho na manyoya hadi panya mdogo aliyekomaa, siku 5 hadi 7 kwa mchanga na siku 10 hadi 14 kwa mtu mzima. Kugoma kwake ni nadra. Shida iko upande wa pili: ukifungua kizimba, anadhani umeleta chakula, na kidole chako kikinuka panya atakishika na kuanza kukibana. Mwaka 2017 watafiti waliopima nguvu ya kubana walikuta nyoka mfalme akiwazidi nyoka wa panya, ambao ni ukoo wa nyoka wa mahindi, ingawa misuli yao inafanana. Siri yake ni namna anavyojipanga anapobana. Kidole hakitavunjika, lakini mtoto atalia, na wewe utajifunza kunawa mikono kabla pia, si baada tu. Kwake yeye mguse mwili kwa kijiti kilichopinda kabla ya kuingiza mkono. Akishaguswa anaelewa kuwa leo si siku ya kula.

Makazi. Sawa na nyoka wa mahindi, upande wa joto ukifika 32. Kutoroka, sawa pia. Usimweke na nyoka mwingine hata dakika kumi. Atamla.

Mwili na umri. Sentimita 75 hadi 120 kwa walio wengi, miaka 15 hadi 20 na zaidi.

Mkononi. Ana nguvu na haraka. Akiogopa hutoa majimaji yenye harufu mbaya inayobaki kwenye nguo. Wengi hupoa wakikua.

Anayemfaa. Mtu anayefurahia mnyama mwenye hamu na nguvu, na asiyeshtuka akidonwa. Ila ahakikishe hatoroki, na hili nalisema kwa uchungu: wafugwa wa aina hii walioponyoka au kuachiwa Gran Canaria, kisiwa cha Hispania, ambako walianza kuonekana mwaka 1998, wamezaana na kuwapunguza mno mijusi wakubwa wasiopatikana penginepo duniani.

Boa wa mchanga

Eryx colubrinus ni wa Afrika, kutoka Misri hadi Tanzania. Ni mfupi, mnene, mkia butu, macho yake yamekaa juu ya kichwa ili achungulie akiwa amejizika.

Chakula. Hula panya wadogo. Jike mkubwa humaliza panya mdogo aliyekomaa kila baada ya wiki mbili au tatu. Dume, kwa udogo wake, hubaki na panya ambao hawajakomaa maisha yake yote. Jike ni mlaji mzuri. Madume waliokomaa hugoma msimu wa kujamiiana na huweza kukutia wasiwasi. Kumlisha kunapendeza kutazama: unapitisha panya juu ya matandiko, kimya, kisha mchanga unalipuka.

Makazi. Kizimba kidogo kuliko cha wengine wote, chenye matandiko ya kina cha sentimita 8 hadi 10. Upande wa joto ufike 32 hadi 35, na unyevu uwe mdogo. Kwa asiyetaka kuhangaika na unyevu, huyu ni nafuu kubwa.

Mwili na umri. Jike sentimita 60 hadi 80, dume mara nyingi hazidi 50. Huishi miaka 15 hadi 20 na wengine hupita hapo.

Mkononi. Hapendi kufukuliwa. Akiwa mchanga hudona kwa haraka akigeuza kichwa pembeni. Akizoea hukaa mkononi akijaribu kujichimbia kati ya vidole.

Anayemfaa. Mwenye nafasi ndogo, asiyejali kwamba siku nyingi atakuwa anatazama kizimba cha mchanga mtupu.

Aliyegandishwa au aliye hai

Huu nao ni uchaguzi, na mfugaji mpya huukwepa mpaka siku nyoka anapofika nyumbani.

Panya aliyeuawa kwa njia isiyo ya mateso kisha akagandishwa huhifadhika miezi, huwa na vimelea wachache, na hamuumi nyoka. Panya hai huuma. Nyoka asiyekuwa na njaa anaweza kumwacha panya atembee juu yake na kumtafuna ngozi, na nimeona picha za nyoka waliotafunwa mpaka mfupa ukaonekana. Panya mwenyewe naye anateseka kwa hofu, jambo ambalo katika baadhi ya nchi sheria hulizuia. Upande wa pili, wapo nyoka, hasa chatu wa kifalme aliyekulia kwa panya hai, ambao hawatambui kitu kisichotembea. Kwa hao unaweza kulazimika kuanza na aliye hai, ukikaa hapo hapo mpaka mwisho, huku ukimhamisha polepole kwenda kwa aliyetoka kuuawa, kisha aliyegandishwa. Mimi ningemwomba muuzaji anionyeshe nyoka akila panya aliyeyeyushwa kabla sijalipa. Anayeuza mlaji mzuri hatakataa.

Kuyeyusha kuna utaratibu wake. Hamisha panya kutoka kwenye friza hadi kwenye friji usiku uliotangulia. Kesho yake mtie kwenye mfuko usiopitisha maji, uuweke katika maji ya moto mpaka mwili wake wote, mpaka ndani ya tumbo, ufike joto la kama nyuzi 38. Usitumie maikrowevu: humpika upande mmoja, humwacha barafu upande mwingine, na anaweza kupasuka. Mkaushe, mshike kwa koleo refu, mpitishe mbele ya nyoka taratibu kama anayetembea. Asipochukua, mwache karibu na maficho usiku kucha. Asubuhi akiwepo bado, mtupe. Usimgandishe tena.

Unene wa panya usizidi sana sehemu nene ya mwili wa nyoka. Ukipenda kupima kwa uzito, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa nyoka inawafaa wachanga, na watu wazima wapungue hapo. Panya mzima ana mifupa, maini na kila kirutubisho, kwa hiyo vipande vya nyama ya kuku haviwezi kuchukua nafasi yake hata siku moja.

Akishakula, mwache saa 48 bila kumshika. Nyoka anayeshikwashikwa na tumbo lililojaa, au aliye kwenye baridi, au aliyepewa panya mkubwa mno, hutapika, na kutapika humchosha vibaya. Likitokea, kagua joto, mpe maji, subiri siku 10 hadi 14, kisha anza na panya mdogo zaidi. Akirudia, ni daktari.

Kulisha kupita kiasi hakuzungumzwi vya kutosha. Nyoka anayeomba chakula kila siku, na nyoka mfalme huomba, si lazima awe na njaa. Ukimwona amekuwa mviringo kabisa, ngozi kati ya magamba inaonekana anapojikunja, na uvimbe laini umejitokeza karibu na mkia, ongeza siku kati ya mlo na mlo.

Asiyewataka panya kabisa

Wapo wanaompenda nyoka na hawamwezi panya. Yupo nyoka mla mayai wa Afrika, wa jenasi ya Dasypeltis, ambaye humeza yai zima, hulipasua kwa miiba ya uti wa mgongo na kutema ganda. Inavutia mno, lakini walio wachanga huhitaji mayai ya ndege wadogo sana, ambayo ni vigumu kuyapata mwaka mzima. Wapo pia nyoka wembamba wa Amerika Kaskazini wa jenasi ya Thamnophis wanaokula minyoo ya ardhini na samaki. Hawa ni wachangamfu, huonekana mchana, ila hula mara kwa mara na kuchafua sana, na baadhi ya samaki, wakiwemo wale wa dhahabu, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Kama panya ndiyo kizuizi chako pekee, jaribu kwanza kumshika mmoja aliyegandishwa ndani ya mfuko. Wengi huzoea haraka kuliko wanavyodhani.

Kabla ya kulipa

Chagua aliyezaliwa kwa mfugaji. Aliyekamatwa porini huja na vimelea, hofu na migomo isiyoisha, na kumkamata kunapunguza wenzake. Chatu wa kifalme na boa wa mchanga wamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975, kwa hiyo kuwavusha mipaka kunahitaji hati. Nyoka wa mahindi na nyoka mfalme hawamo. Lakini sheria za nchi yako zinaweza kuwa kali zaidi kwa wote wanne, hivyo ulizia kibali kwa mamlaka ya wanyamapori kwanza.

Mshike. Atoe ulimi mara kwa mara, macho yawe maangavu yenye rangi yake safi, mdomo mkavu, mwili wenye nguvu. Kagua chini ya kidevu na kwenye maji yake kama kuna vidoti vyeusi vinavyotembea, maana huo ni utitiri. Ukungu wa bluu machoni peke yake si ugonjwa: anajiandaa kujivua gamba. Omba kumbukumbu za mlo: alikula nini, lini, mara ngapi mfululizo.

Kwa hali yako

Kama unaishi na watu wanaoogopa nyoka, mchukue boa wa mchanga, ambaye hawatamwona, au chatu wa kifalme, ambaye hashtui. Mwenye kasi atawathibitishia hofu yao.

Kama una watoto wa miaka kumi na zaidi wanaotaka kushiriki, nyoka wa mahindi hula mbele yao bila kuwavunja moyo, na chatu wa kifalme hushikika vizuri zaidi. Ningewaacha wao waamue kipi wanakitaka, kulisha au kushika, huku mtu mzima akibaki mwenye jukumu.

Kama unasafiri mara kwa mara, wote wanne wakiwa watu wazima wanaweza kukaa wiki mbili bila mlo, mradi kuna mtu wa kubadilisha maji na kutazama kipimajoto. Usianze na nyoka mchanga anayehitaji kula kila wiki.

Kama chumba chako ni kikavu na huna muda wa kunyunyizia maji, mwache chatu wa kifalme kwanza. Kama umeme hukatika mara kwa mara mahali ulipo na usiku huwa baridi, nyoka wa mahindi na nyoka mfalme watastahimili kupoa kwa muda kuliko wawili waliobaki. Usiku kama huo usimlishe yeyote.

Kama unayempata kwa urahisi ni panya wa aina moja tu, acha hilo liamue. Wadogo pekee: mahindi, mfalme au boa. Wadogo na wakubwa: wote wako wazi kwako.

Na kama umeshasoma yote haya na bado moyo uko kwa chatu wa kifalme, mchukue aliyekwisha kula angalau milo mitano mfululizo ya panya waliogandishwa, muweke kizimbani, ufunike upande mmoja kwa kitambaa, na usimguse wiki nzima ya kwanza.